Uzi: Kutoa matairi ya kashata kwenye baiskeli ya mlimani na kuweka membamba, kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani

Spoku36

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili haliishi kwenye nyuzi za baiskeli. Mtu ana baiskeli ya mlimani, matairi yana kashata kubwakubwa, yaani yale meno ya mpira, lakini kila siku anaendesha lami. Tairi zinanguruma, miguu inachoka, wenzake wenye baiskeli za kawaida wanampita bila hata kutoka jasho. Akiuliza kama anaweza kuweka membamba, mmoja anamwambia haiwezekani mpaka abadili ringi, mwingine anamwambia aweke lolote mradi limeandikwa 26. Majibu yote mawili si sahihi, na yamewaharibia watu pesa na ringi. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu, mwanzo hadi mwisho.

Msimamo wangu nauweka mapema: kwenye lami kinachokula nguvu zako ni kashata kuliko upana. Kila jino la tairi likigusa barabara linapinda, linanyooka, linapinda tena, na nguvu ya kulipindisha inatoka kwenye mapaja yako na kuishia kuwa joto. Ukitoka kwenye kashata za inchi 2.1 ukaweka tairi laini la 1.75, utaiona tofauti kabla hujamaliza mtaa. Ukitoka 1.75 laini ukashuka hadi 1.25 laini, unachoongeza ni kidogo, na mgongo ndio unaoanza kulipa. Kwa hiyo anayetaka wepesi atafute kwanza ulaini wa tairi, wembamba uje baadaye na kwa kiasi.

Tuje kwenye namba. Tazama ubavu wa tairi lako. Utaona kitu kama 26 x 2.10, na karibu yake, mara nyingi kwa maandishi madogo, 54-559. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini. 54 ni upana wa tairi kwa milimita likiwa limejazwa upepo. 559 ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokalia ringi, nacho kwa milimita. Huo ni mfumo wa ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi, na umo pia kwenye kiwango cha ISO 5775. Namba ya nyuma lazima ifanane kabisa kati ya tairi unalotoa na unaloweka. Namba ya mbele ndiyo unayoruhusiwa kuichezea.

Baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ni 559. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622, ambayo ni ileile 700C ya baiskeli za barabarani, hivyo mwenye 29 ana uwanja mpana wa kuchagua. Mtego uko kwenye 26: tairi la 26 x 1.50 ni 559, lakini la 26 x 1 3/8 ni 590. Ni matairi ya ringi mbili tofauti kabisa, hata ukilivuta vipi halitakaa. Ukiona upana umeandikwa kwa sehemu badala ya nukta, usinunue mpaka usome milimita.

Kisha ringi. Upana unaohesabiwa ni wa ndani, kati ya kuta mbili zinazobana tairi. Ringi nyingi zina stika au mhuri kama 559x19, na hiyo 19 ndiyo unayoitafuta. Kama imefutika, toa tairi upime kwa rula. Ringi ya 17 au 19, ambazo zimejaa kwenye baiskeli za zamani za inchi 26, inapokea hata tairi la milimita 28, ila kwa matumizi ya kila siku mimi siendi chini ya 35. Ringi ya 21 ianzie 35. Ya 25 ianzie 42 au 44. Ringi ya 30 ya baiskeli za kisasa ibaki na 50 kwenda juu, tafuta tu lisilo na kashata. Tairi jembamba kupita kiasi kwenye ringi pana linatanuka na kuwa bapa. Kuta za ringi zinabaki wazi kugongwa na mawe, na kwenye kona kali ukingo unaweza kuchomoka.

Tyubu nayo ibadilishwe. Tyubu iliyoandikwa 1.90–2.125 ukiitia kwenye tairi la 1.5 itajikunja humo ndani, na pale pale kwenye mkunjo ndipo itakapochanika siku moja. Chukua ambayo upana wa tairi lako jipya umo kati ya namba zake. Angalia na valvu: tundu la ringi lililotobolewa kwa valvu nene kama ya gari ni pana kuliko la valvu nyembamba. Ukitia nyembamba kwenye tundu pana bila pete ya kuzibia, tyubu itabonyea pale na kupasuka.

Sasa kazi yenyewe. Vifaa ni nyenzo mbili tatu za plastiki za kung'olea tairi, pampu yenye geji, spana kama magurudumu yako yanafungwa kwa nati, maji ya sabuni na kitambaa. Bisibisi iache kwenye kisanduku, inatoboa tyubu na kukwaruza ringi.

Kwa gurudumu la nyuma, kabla hujafungua chochote, peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma. Gurudumu litatoka na kurudi kirahisi. Breki za V, bana mikono yake uchomoe kile kibomba kilichopinda, mikono itaachia tairi lipite. Breki za diski za mafuta, usiguse kabisa mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Pistoni zitasogeleana na diski haitaingia tena. Chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi uwe na amani.

Toa upepo wote. Halafu zunguka gurudumu zima ukiminya tairi kwa vidole gumba, upande huu na upande ule, mpaka ukingo uachie ringi na udondoke katikati. Watu wengi wanairuka hatua hii na ndiyo inayorahisisha kila kitu. Tazama ringi kwa ndani: katikati kuna mfereji, na kipenyo cha mfereji ni kidogo kuliko cha mabega ya ringi. Ukingo wa tairi hautanuki, una waya au nyuzi ngumu ndani yake. Lakini ukiulaza mferejini upande mmoja, upande wa pili unapata ulegevu. Anayejua mfereji hapigani na tairi.

Ingiza wenzo wa kwanza mkabala na valvu, si karibu nayo, unase ukingo na uuvute nje. Wa pili uingize hatua chache pembeni. Ukishatoka kiasi cha kiganja, mengine yanafuata kwa kuutelezesha tu. Toa tyubu, kisha chomoa upande wa pili wa tairi.

Hapo simama kidogo ukague utepe unaofunika vichwa vya spoku. Tairi jembamba hujazwa upepo mkali kuliko pana. Utepe wa mpira uliodumu miaka kwa psi 35 (psi ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji) unaweza kubonyea kwenye matundu ya spoku ukifika psi 60, na tyubu itatoboka kwa upande wa ringi huku ukitafuta mwiba kwenye tairi bila kuuona. Ukiwa umelegea au umehama katikati, badilisha sasa hivi.

Kuvalisha: angalia mshale wa mwelekeo ubavuni, vesha upande mmoja wote, mara nyingi unaingia kwa mikono tu. Tia tyubu upepo kidogo sana, kiasi cha kushika umbo. Pitisha valvu kwenye tundu, laza tyubu ndani. Kisha anza kuingiza ukingo wa pili mkabala na valvu, ukija nao kwa mikono yote miwili kushoto na kulia, umalizie penye valvu. Ukimaliza, isukume valvu ndani kidogo halafu ivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo.

Zunguka tena ukisukuma tairi pembeni uone kama tyubu imechungulia popote. Ikionekana hata kidogo, irudishe ndani kabla ya kujaza. Jaza psi 20, simama, tazama ule mstari mwembamba uliochongwa ubavuni karibu na ringi. Uwe umbali uleule kuzunguka gurudumu zima, pande zote mbili. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni pale, vuta kwa mikono, jaza upya. Ndipo upande hadi kiwango chako.

Kiwango cha juu kimeandikwa kwenye tairi, na ringi nayo inaweza kuwa na chake. Fuata kilicho kidogo. Kwa tairi la 1.5 na mwendeshaji wa kilo 70 hadi 80, anza na psi 50 mbele na 55 nyuma, maana uzito mwingi unakaa nyuma. Ukiona baiskeli inarukaruka, shusha kidogo. Ukihisi ringi inagonga kwenye mashimo, ongeza.

Karibuni kwa maswali.

Kilima Kimoja

Mkuu, umetisha. Yangu ni ya inchi 29, ringi imeandikwa 622x25. Nimepata matairi ya 700x32 mazuri sana, hayana kashata hata moja. Niweke?

Spoku36

Ndugu yangu, 622 imekaa sawa, kwa hiyo yataingia. Ila 32 kwenye ringi ya 25 mimi sikushauri. Tafuta 700x42 hadi 47 yaliyo laini. Utapata karibu wepesi wote unaoutaka na ringi yako itakuwa salama. Jambo la pili, angalia kama ringi zako ni za kisasa zisizo na ndoano kwenye kuta, yaani ule mkunjo unaoshika ukingo wa tairi. Hizo zinataka tairi lililoidhinishwa kwa ajili yake, na kikomo cha upepo ni bari 5, yaani kama psi 72, au chini ya hapo kwa jinsi mtengenezaji alivyoandika. Tairi jembamba linalotaka psi 85 halifai pale hata kidogo.

Mama Gia

Spoku36, heshima yako, somo limeenda shule. Naomba nikupinge sehemu moja. Kwa nini tuwaambie watu wapunguze upana kabisa? Tairi pana laini likijazwa sawa na jembamba linabingirika kwa urahisi zaidi. Eneo linalogusa barabara linategemea uzito na upepo. Upepo ukiwa sawa, eneo ni lilelile. Jembamba linagusa kwa umbo refu, pana linagusa kwa umbo fupi, na umbo refu linapindisha ubavu wa tairi zaidi. Mimi naendesha laini la inchi 2.0 kwa psi 40 na siwaachii nafasi hao wenye 1.25.

Spoku36

Mama Gia, hilo ni kweli na nimefurahi umelisema. Neno la msingi ni "likijazwa sawa". Kwa kawaida pana hatulijazi sawa na jembamba, na si salama kulijaza hivyo: tairi likiwa pana, upepo uleule unavuta ukingo na kuta za ringi kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana la 2.0 lina kikomo cha chini kuliko la 1.25.

Jembamba lina faida zake tatu. Ni jepesi, na uzito wa ukingoni mwa gurudumu unausikia kila unapoondoka kwenye taa au kupanda mlima. Linakata upepo vizuri ukishafika mwendo mkubwa. Na linaacha nafasi ya kufunga vizuia tope kwenye fremu iliyobana. Asiyehitaji hayo matatu abaki na lako la 2.0, sina ubishi. Anayepita kwenye mchanga ndiye kabisa asipunguze, jembamba litazama.

Njiti

Samahani wakuu, ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini 26 ziwe za aina mbalimbali. Nani alituletea balaa hili?

Mama Gia

Njiti, zamani namba hiyo ilikuwa kipenyo cha nje cha tairi, kwa makadirio. Watengenezaji wa nchi tofauti walitaka nje pawe inchi 26, huku matairi yao yakiwa na unene tofauti. Tairi nene lilihitaji ringi ndogo, jembamba likahitaji ringi kubwa, na vyote vikaitwa 26.

Hii 559 ya baiskeli za mlimani ilitoka kwenye baiskeli nzito za Marekani zenye matairi manene, zile ambazo kampuni ya Schwinn ilizianzisha mwaka 1933. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walizichukua hizo baiskeli kuukuu kwa sababu matairi yake yalistahimili mawe, wakawa wanashuka nazo milimani. Baiskeli za mlimani zilipoanza kutengenezwa rasmi, zikarithi ringi ileile. Ndiyo maana mpaka leo ni 559.

Pedeli Mbili

Mimi nilishabadili, kutoka 54-559 hadi 38-559. Sasa nina mambo mawili. Kipima mwendo kinaniambia naenda kasi kuliko kawaida, nashindwa kujua ni kweli au uongo. Na baiskeli nikiiegesha kwa stendi, upepo kidogo tu inaanguka upande wa pili. Kuna kitu sikufunga vizuri?

Spoku36

Umefunga sawa. Yote mawili yanatokana na gurudumu kupungua. Hesabu ni hii: 559 jumlisha 54 mara mbili ni 667. Zidisha kwa 3.14, mzunguko unakuwa kama milimita 2095. Kwa 38 kipenyo ni 635 na mzunguko kama 1995. Kwa kila mzunguko unasafiri milimita 100 pungufu, karibu asilimia 5, lakini kifaa bado kinahesabu kwa mzunguko wa zamani. Ukienda kilomita 20 kitakuambia 21. Ingiza namba mpya. Ukitaka uhakika zaidi, weka alama ya chaki chini ya valvu, kaa juu ya baiskeli, sukuma mzunguko mmoja kwa mstari ulionyooka, upime kwa futi kamba.

Asilimia hiyohiyo imeshusha gia zako zote. Milimani utaona afadhali, kwenye mteremko utapiga pedeli haraka zaidi.

Stendi ni kwamba baiskeli nzima imeshuka milimita 16, stendi ikabaki na urefu wake. Sasa inaisimamisha wima mno, haina mlalo wa kutosha. Kama ni ya kurekebishwa, ifupishe. Kushuka huko pia kunazileta pedeli karibu na ardhi, kwa hiyo kwenye kona usipige pedeli. Iweke ya upande wa ndani juu mpaka unyooke.

Mgeni wa Lami

Naomba msaada wa haraka, niko nalo mkononi. Tairi jipya limeingia lote isipokuwa kipande cha kama sentimita 15 penye valvu. Vidole vinauma, nyenzo imeshavunjika moja. Nimeangalia, ni 40-559 na ringi 559x19. Limepunguzwa kiwandani au?

Spoku36

Usitumie nguvu tena, nyenzo nyingine itabana tyubu. Toa upepo wote uliotia. Sasa nenda upande wa mbali kabisa na valvu, minya kingo zote mbili za tairi ziingie mferejini. Kutokea hapo, njoo kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ukiminya na kuvuta tairi kuelekea kwenye valvu. Ukifika juu utakuta umekuja na milimita kadhaa za ulegevu. Mtu wa pili ashike pale ulipofikia ili lisirudi nyuma, au ufunge kwa kamba. Paka maji ya sabuni kwenye kipande kilichobaki, kisha lisukume kwa viganja, ukilikunja kwenda mbele kama unafunika kitu, kidogo kidogo kutoka pembeni. Usijaribu kuingiza sentimita zote 15 kwa mpigo.

Utepe wa ringi ukiwa mnene sana nao unajaza mfereji. Likigoma kabisa, angalia hapo.

Mgeni wa Lami

Limeingia! Kwa viganja, bila nyenzo. Lilikuwa limekaa juu ya bega upande wa mbali. Asante sana mkuu.

Kilima Kimoja

Nimekusikia kuhusu 42. Swali la mwisho: nikipata moja tu kwanza, niweke mbele au nyuma?

Mama Gia

Nyuma, ndugu. Nyuma ndiko kwenye uzito mwingi, kwa hiyo ndiko kashata zinakokula nguvu zaidi. Mbele ndiko kunakokushikilia kwenye kona na unapofunga breki ghafla. Nyuma ikiteleza unaweza kuiokoa, mbele ikiteleza uko chini tayari. Hiyo ni kwa muda tu lakini, ukipata la pili liweke. Na siku ya mvua usiogope kwamba laini litaelea juu ya maji kama la gari: tairi la baiskeli ni jembamba na mviringo, maji yanatoka pembeni yenyewe. Cha kuogopa ni rangi za barabarani, vifuniko vya mitaro na majani yaliyolowa, na kwenye hivyo hata kashata hazisaidii.

Njiti

Na yale ya zamani niyatupe?

Spoku36

Hapana, siku ukitaka kwenda porini utayahitaji. Yaoshe, yakauke, yatundike mahali pa giza na pasipo joto, mbali na jua na mbali na mota za umeme, maana hewa ya ozoni inayotoka kwenye mota inapasua mpira. Tyubu zake zitie poda, zikunje bila kubana, uzifunge pamoja na tairi lake. Na kwenye mfuko wa safari badilisha tyubu ya akiba iwe ya upana mpya.